Mawe Wameyaweka Wapi?

Mwezi huu tuliambiwa kila mtu aandike kuhusu kazi ya mikono iliyomfundisha kitu. Nimesoma za wenzangu: kuna aliyeandika kushona, kuna wa sabuni, kuna wa kutengeneza simu. Zote nzuri, nimezipenda. Mimi nitaandika kuhusu meli ya plastiki. Msicheke kwanza, someni hadi mwisho halafu mcheke.

Niseme maoni yangu mapema, ili asiye na bando la kutosha asipoteze muda. Sisi tunaoitwa volontia hapa kambini tunajua mambo mengi yatakayoharibika kabla hayajaharibika, na tunanyamaza. Na ndugu zetu wa mashirika, wengi wenu watu wazuri kabisa, mmezoea kutupenda tukiwa kimya. Tabia hii ilizamisha meli kubwa kule Sweden mwaka 1628. Na hapa kwetu imetuletea maji hadi magotini ndani ya kituo cha vijana. Katika hilo la maji mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya kosa, nitaieleza.

Nianze na boksi. Mfanyakazi mmoja wa shirika alimaliza mkataba akawa anagawa vitu vyake kabla ya kuondoka. Blanketi lilichukuliwa, chupa ya chai ikachukuliwa, viatu vikagombaniwa. Mwisho likabaki boksi moja la kadibodi lenye picha ya meli ya zamani yenye matanga. Hakuna aliyelitaka. Nikalichukua mimi kwa sababu nilidhani ndani kuna meli. Kumbe ndani hakuna meli, kuna vipande. Vipande vidogo vidogo vya plastiki vimeshikana kwenye vijiti kama samaki kwenye kamba, na kijitabu cha michoro. Gundi haikuwepo. Rangi hazikuwepo. Na baadaye tuligundua mizinga miwili na kipande cha ngazi havikuwepo pia.

Kwenye boksi imeandikwa 1:150. Kwa waliosahau hesabu za ramani: kila sentimita moja ya kile kidude ni sentimita 150 za meli ya kweli. Mtu wa mita 1.70 ukimweka kwenye kipimo hicho anakuwa na urefu wa sentimita moja na kidogo, kama punje mbili za mchele zimepangwa. Meli yenyewe inaitwa Vasa. Ya kweli ina urefu wa mita 69 ukipima na ule mti unaotokeza mbele, na kutoka chini hadi ncha ya mlingoti ni mita 52. Ya kwetu ikimalizika inakuwa karibu nusu mita. Unaweza kuibeba mkononi kama mtoto.

Wakati huo kituo chetu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya maji, na vijana hawakuwa na pa kwenda. Basi tukakusanyika watano kwenye baraza ya mzee mmoja wa kijiji chetu, kwa sababu ana meza imara na hapendi kelele. Majirani wakawa wanapita na kutuita familia ya Nuhu. Mmoja akauliza, "Mnajenga meli huku porini, ziwa liko wapi?" Tukamjibu maji yanakuja yenyewe, si umeyaona kituoni.

Niwaambie kazi yenyewe ilivyo, maana kuna watakaotaka kujaribu. Kipande hukivunji kwa mkono kutoka kwenye kijiti. Ukivunja, unaacha jeraha au unavunja na kipande chenyewe. Unakata kwa wembe, halafu unasugua kwa msasa laini mpaka pawe sawa. Kibano tuliazima kwa fundi simu, kwa masharti kwamba kikipotea tunanunua kipya. Gundi tulitumia supa gluu ya sokoni, ile ya kuzibia viatu. Inashika haraka kuliko unavyowaza. Rafiki yangu aligandisha vidole viwili pamoja akakaa hivyo hadi jioni. Na inaacha ukungu mweupe juu ya plastiki ukiweka nyingi, kwa hiyo tulijifunza kuweka tone kwa ncha ya sindano.

Kwenye rangi tulifanya kosa kubwa. Dada mmoja alileta rangi ya kucha, nyekundu nzuri, na tulikuwa tumesoma kwamba meli hii ilipakwa rangi kali kali: nyekundu, dhahabu, kijani. Tukapaka simba wa mbele. Baada ya dakika chache uso wa simba ukaanza kulainika na kuyeyuka. Dawa iliyomo kwenye rangi ya kucha inakula plastiki ya aina hii. Tangu siku hiyo simba wetu hana pua. Baadaye tulitumia rangi ya maji iliyobaki kwa mchora mabango, na hiyo haikula kitu.

Kamba ndizo zilizochukua muda mrefu kuliko yote. Meli ya matanga bila kamba ni miti tu imesimama. Kuna kamba zinazoshika milingoti isianguke, na kuna kamba za kupandisha na kugeuza matanga. Tuliomba uzi kwa fundi cherehani, tukaupitisha kwenye nta ya mshumaa ili usitoe manyoya. Kamba moja ukiikaza sana, mlingoti unainama upande wake, na kamba ya upande wa pili inalegea. Unarekebisha ile ya pili, ya tatu inalegea. Hapo niliona vijana wawili ambao hawakusalimiana tangu mechi ya mwaka jana wakiambiana, "Shika hapo, usiachie, na mimi nafunga hapa." Hakuna semina ya amani iliyokuwa imefanya hivyo.

Lakini sijaja kuwauzia habari ya uvumilivu na umoja. Hizo tunaambiwa kila wiki. Nimekuja na swali la yule mzee.

Mzee huyu kabla ya vita alikuwa fundi wa mitumbwi na boti kule ng'ambo, upande wa Fizi, kwenye Ziwa Tanganyika. Alikuwa anatuangalia tu, siku nyingi, hasemi. Siku tulipounganisha pande mbili za mwili wa meli na kuweka sehemu ya nyuma, ile ndefu yenye masanamu, akainuka, akaishika, akaigeuza juu chini. Akasema kwa Kiswahili chake cha kwao: "Hii bwato itaanguka. Juu iko muzito, chini iko mwepesi. Mawe balitia wapi?"

Tukamwambia mzee, hii si ya kuelea, ni ya kuangalia. Akasema leteni karai.

Tukaleta karai la maji. Tukaiweka. Ikalala ubavu hapo hapo kama mlevi. Akatuma mtoto alete kokoto ndogo, akazipanga chini kabisa kwenye tumbo la meli, moja moja, kabla hatujafunga sitaha. Watu wa pwani mzigo huo wanauita farumi, uzito wa kuituliza meli. Tukairudisha kwenye maji. Ikasimama kidogo. Akaongeza kokoto. Ikasimama vizuri zaidi, lakini sasa matundu ya mizinga ya safu ya chini yakawa karibu kabisa na maji. Akaisukuma kwa kidole tu. Maji yakaingia kwenye matundu, ikazama. Mzee akacheka, akarudi kukaa. Akasema ukiongeza mawe maji yanaingia matunduni, ukipunguza mawe inalala. Shida haiko kwenye mawe, shida iko kwenye aliyeichora.

Usiku nikawasha simu nisome habari za meli hii vizuri. Nikasoma hadi betri ikaisha. Mzee wetu, ambaye hajawahi kuiona Sweden hata kwenye picha, alikuwa amesema kwa dakika kumi kile ambacho wenye meli walikuwa wamekiona wakakinyamazia.

Habari yenyewe iko hivi. Mfalme wa Sweden, Gustav II Adolf, alikuwa vitani na Poland, akataka meli za kivita kubwa na haraka. Vasa ilijengwa Stockholm na fundi Mholanzi, Henrik Hybertsson. Fundi akaugua, akafariki mwaka 1627 kabla kazi haijaisha, msaidizi wake akaendeleza. Meli iliwekewa mizinga 64, safu mbili za matundu kila upande, na masanamu na mapambo karibu 700, ili adui akiiona aogope na rafiki akiiona ashangae. Wakati ule mafundi hawakuwa na hesabu za kujua meli itasimama vipi majini. Walitegemea uzoefu na jicho. Na ndani ya meli hii wataalamu wa baadaye walikuta rula za mafundi za vipimo viwili tofauti, nyingine za futi ya Sweden na nyingine za futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi. Yaani watu walijenga chombo kimoja kila mmoja na futi yake. Ndugu zangu wa mashirika mliowahi kukaa kwenye kikao kimoja mashirika manne, nadhani mnanielewa.

Kabla ya safari, nahodha Söfring Hansson alikuwa na wasiwasi. Akafanya jambo moja la akili. Meli ikiwa bado imefungwa gatini, akawaita watu 30 wakimbie pamoja juu ya sitaha, kutoka upande huu hadi upande ule, halafu warudi. Makamu wa amiri Klas Fleming alikuwepo akiangalia. Walipokimbia mara ya kwanza meli iliyumba. Ya pili ikayumba zaidi. Ya tatu ikayumba vibaya, na Fleming akaamuru waache, maana ikiendelea ingepinduka pale pale gatini.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Aliamuru waache kukimbia. Hakuamuru meli isiondoke.

Kwa nini? Mfalme alikuwa mbali, Prussia, na alikuwa anahimiza. Pesa zilikwisha kutumika. Fundi mkuu alikwisha kufa. Siku ya kuzindua ilikuwa inasubiriwa. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa na mkubwa wake wa kumwogopa.

Tarehe 10 Agosti 1628 Vasa ikang'oa nanga. Watu wa Stockholm walijaa ufukweni kuangalia. Mabaharia waliruhusiwa kupanda na wake zao na watoto kwa sehemu ya kwanza ya safari. Matanga kumi yalikuwepo, yakafunguliwa manne tu. Upepo haukuwa wa ajabu. Upepo ukaisukuma, ikalala kidogo ikainuka. Ukaja mwingine, ikalala zaidi, na matundu ya mizinga ya chini yalikuwa wazi. Maji yakaingia. Ilikuwa imesafiri kama mita 1,300. Karibu watu 30 walikufa. Nafuu ni kwamba askari 300 walikuwa wapandie mbele ya safari, hawakuwa wamepanda bado.

Tulipima safari yote hiyo kwa kipimo cha meli yetu ya plastiki. Mita 1,300 ukigawa kwa 150 unapata kama mita 8 na sentimita 70. Ni kutoka kwenye meza ya mzee hadi mti wa mwembe. Hapo ndipo ilipofika ile fahari yote. Na kina cha maji ilipozama, mita 32, kwa kipimo chetu ni sentimita 21, shibiri ya mtu mzima.

Baraza likakaa kuuliza kosa la nani. Nahodha ndiye aliyekamatwa kwanza, siku ile ile, yeye aliyefanya jaribio. Wakauliza mabaharia, hawakulewa. Wakauliza kuhusu mizinga, ilikuwa imefungwa vizuri. Wakauliza waliobaki kwenye kazi ya ujenzi, wakajibu walijenga kama vipimo alivyokubali mfalme. Mmoja wao alipoulizwa basi kosa ni la nani, akajibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mwisho hakuna aliyehukumiwa. Unawezaje kumhukumu mtu mdogo ikiwa vipimo vilikubaliwa na mfalme?

Sasa nirudi kwetu, na niseme langu.

Kituo chetu cha vijana kilipokuwa kinataka kujengwa, mimi nilikuwa mmoja wa volontia waliopewa fomu kwenda kukusanya maoni ya jamii. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa siku tatu. Mama mmoja anayekaa karibu na ule mfereji alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hapo mnapotaka kujenga ndipo maji yanapopita masika. Waambie." Mwenyekiti wa zoni naye alisema hivyo hivyo. Na mimi mwenyewe nimekulia hapa, hapo ndipo tulipokuwa tunaogelea tukiwa wadogo baada ya mvua! Nilijua kuliko mtu yeyote.

Kwenye fomu kulikuwa na mstari umeandikwa "Changamoto". Niliandika: "Hakuna. Jamii imeridhika."

Kwa nini niliandika hivyo? Mnajua kwa nini. Aliyetupa fomu alikuwa amesema mfadhili anataka ripoti Ijumaa, na eneo lilikuwa limekwisha kupimwa. Volontia aliyetangulia aliyekuwa anauliza maswali mengi mkataba wake haukuendelea, hatukuambiwa sababu, kila mtu alijaza sababu yake kichwani. Na ile posho, ingawa ni ndogo, ndiyo inayonunua mboga na sabuni nyumbani kwetu mgao ukipungua. Basi nikaandika hakuna. Nikapewa mkono na kuambiwa nina kazi nzuri.

Jengo likazinduliwa kwa ngoma, utepe na picha. Nami nimo kwenye picha. Masika ya kwanza maji yakaingia hadi magotini. Vyerehani vilivyokuwa vimewekwa chini vikalowa, vitatu vikaliwa na kutu hadi leo havishoni. Daftari la mahudhurio likawa uji. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu. Lakini wasichana kumi na wawili waliokuwa wanajifunza kushona walikaa nyumbani miezi minne, na wawili kati yao hawakurudi tena, mmoja ameolewa na mmoja ameondoka hatujui alikwenda wapi. Siwezi kusema ni kwa sababu ya maji peke yake. Lakini siwezi kusema pia maji hayamo.

Na tulipokaa kikao cha kuuliza kosa la nani, ilikuwa kama lile baraza la Stockholm. Mkandarasi alijenga alipoonyeshwa. Aliyeonyesha alifuata ramani. Mwenye ramani alifuata ripoti. Ripoti ilisema jamii imeridhika. Na jamii ilikuwa ni mimi na kalamu yangu. Nilikaa pale kikaoni kimya, naangalia viatu vyangu. Hiyo ndiyo sababu usiku ule niliposoma habari ya watu 30 waliokimbia juu ya sitaha, usingizi haukuja.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu nimejiambia mwenyewe. La kwanza: ukisema unapoteza kibarua. Ni kweli, sitawadanganya. Hata Hansson aliyejaribu ndiye aliyefungwa kwanza, ingawa alikuja kuachiwa. Anayetuambia "semeni tu, msiogope" huku ana mshahara na paspoti hajui anachotuomba. La pili: sisi si wataalamu. Hapo nakataa. Mama wa mferejini si injinia lakini maji anayajua. Mzee wetu hakusoma chuo lakini aliigeuza meli mara moja akauliza mawe yako wapi. Mtaalamu wa kweli ni yule anayejua aulize nani. La tatu: wageni wana haraka, mradi una tarehe. Na mfalme pia alikuwa na haraka. Tarehe ya Vasa ilifika, na meli ikaondoka vizuri kabisa.

Basi nina mapendekezo matatu, madogo, hayahitaji mfadhili mpya.

Kwanza, kila mradi ukimbiliwe sitahani kabla ya uzinduzi. Maana yake ni kuujaribu mbele ya macho ya watu badala ya kujaza fomu. Unataka kujenga mahali? Twende pale siku ya mvua, wote, pamoja na anayetia saini, tusimame na viatu vyetu. Unataka kugawa vitu kwa mstari fulani? Tupange mstari wa majaribio na mama wenye watoto mgongoni tuone unachukua muda gani. Uzuri wa jaribio la Hansson ni kwamba hakumtuhumu mtu. Aliiacha meli iseme yenyewe. Volontia mwoga kama mimi anaweza kufanya hivyo bila kuonekana anabishana na mkubwa.

Pili, na hili ni kwenu ndugu zetu wa mashirika: jaribio bila mtu mwenye uwezo wa kusema "haiondoki" ni mchezo wa kuigiza. Fleming aliona kwa macho yake. Kilichokosekana pale ni mtu mmoja wa kubeba habari mbaya hadi juu. Kabla ya jaribio tuambieni, ikishindikana, nani atasimamisha, na tuambieni jina lake. Na mtu mdogo aliyesema akiwa sahihi, mkataba wake uendelee, watu wote waone umeendelea. Mkifanya hivyo mara moja tu, mtapata ukweli kwa miaka mitano.

Tatu ni kwetu wenyewe volontia. Ule mstari wa "Changamoto" usiandikwe tena neno "Hakuna". Hakuna kazi isiyo na changamoto hapa duniani, hata kubandika mzinga wa plastiki una changamoto. Tukubaliane wote tuandike angalau moja, ya kweli. Akiandika mmoja, ataonekana mkorofi. Tukiandika wote, itakuwa ndiyo desturi, na hakuna wa kunyooshewa kidole.

Tulifundishwa shuleni ile methali, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Zamani nilikuwa naijibu kwenye mtihani tu. Sasa naielewa. Masanamu ya nyuma yaangalie, simba wa mbele mwangalie, lakini mwisho utarudi kule chini kwenye giza ambako maji yanaingia na mawe yamewekwa. Na anayekaa kule chini ni nani? Ni sisi.

Mnataka kujua Vasa iliishia wapi. Ilikaa chini ya maji miaka 333. Bahari ile ya kwao ina chumvi kidogo, kwa hiyo wale wadudu wanaokula mbao za meli hawaishi huko, na mbao zikabaki. Mtu mmoja, Anders Franzén, aliitafuta hadi akaipata mwaka 1956. Wapiga mbizi wakachimba mahandaki chini yake gizani, wakapitisha nyaya, ikainuliwa tarehe 24 Aprili 1961. Wakainyunyizia dawa miaka 17 ili mbao zisipasuke. Leo imesimama ndani ya jumba la makumbusho Stockholm, watu wanatoka dunia nzima kuiangalia. Nawapa Waswidi heshima kwa hilo. Aibu yao hawakuificha. Wameijengea nyumba, wakawaambia watoto wao ingieni muone tulipokosea. Sisi ripoti zetu za kufeli zinakaa kwenye kabati gani?

Meli yetu imekwisha, isipokuwa ile mizinga miwili na kipande cha ngazi. Iko kituoni, kwenye rafu ya juu kabisa ambako maji hayafiki. Simba hana pua. Kokoto za mzee tuliziacha ndani kabla ya kufunga sitaha, kwa hiyo ukiinyanyua utazisikia zinagongana. Wageni wakija wanauliza kama tumeitengeneza wenyewe, na nikiwaambia ndiyo, wananiuliza tena imetengenezwa kwa ajili gani. Huwa nawaonyesha yale matundu ya chini, halafu nawaonyesha alama ya maji ukutani.

Wiki tatu zilizopita kulikuwa na kikao kuhusu jengo jipya la darasa. Eneo walilopendekeza liko hatua chache tu kutoka mfereji ule ule. Mikono ilinitetemeka, lakini nilisimama nikaomba jambo moja: kabla ya kutia saini, twende pale na mama wa mferejini, siku ya mvua. Kukawa kimya. Afisa aliyekuwa mbele akaandika kitu kwenye daftari lake. Siku nne baadaye mvua ikanyesha, na kweli alikuja, na buti zake, na mama akamwonyesha. Uamuzi haujatoka. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao na sijui kama utaendelea. Nimeandika haya kabla ya kujua, makusudi, ili nisije nikasema baadaye kwamba nilinyamaza nikisubiri.

Ijumaa hii saa tisa mchana tunaanza kitu kingine kwenye baraza ya mzee. Safari hii ni boti ya ndagala ya ziwa letu wenyewe, kwa mbao za boksi na makopo, mzee ndiye atakayetoa vipimo. Njoo na wembe na msasa. Na ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, karibuni pia, mkae kwenye mkeka na sisi. Mzee atawauliza swali lake, mjiandae na jibu.